Ishara Kemikali: Maharagwe na Bakteria Huitanaje?

Siku hizi husemwa kwamba mimea "huzungumza". Neno hilo linavutia, lakini halimfai mwalimu wa sayansi wala mkulima wa Njoro anayetaka kujua kinachotendeka shambani mwake. Mimi nashika istilahi ishara kemikali: dutu inayotolewa na kiumbe kimoja na kubadilisha mwenendo wa kingine. Haidai kwamba mmea una nia.

Tusiichanganye na feromoni, neno lililobuniwa na Karlson na Lüscher mwaka 1959. Feromoni hufanya kazi baina ya viumbe wa spishi moja. Nyuki wa Baringo akikuuma, huacha harufu kama ya ndizi mbivu, na wenzake wakakujia. Moshi wa mrina asali huifunika harufu hiyo. Ishara kemikali ni pana zaidi, maana huvuka mipaka ya spishi, hata kati ya mmea na bakteria.

Mfano ninaoupenda uko chini ya maharagwe. Mzizi hutoa udongoni dutu ziitwazo flavonoidi. Bakteria wa udongoni waitwao rizobia wakizipokea, jeni zao fulani huamka, nao hutoa dutu ya kujibu, ambayo naiita kichocheo cha vinundu. Kiasi kidogo mno chatosha kuufanya unywele wa mzizi ujikunje na kuwafumbata bakteria. Hapo kinundu huota. Ndani yake bakteria hugeuza naitrojeni ya hewani kuwa amonia, na mmea huwalipa kwa sukari.

Ishara hizi huchagua. Rizobia wanaoitikia soya si lazima wawepo katika udongo wetu, kwani soya ni zao la kuja. Ndiyo sababu kampuni ya MEA ya Nakuru hutengeneza Biofix, bakteria wa kupaka mbegu, kutokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Pakiti ya Biofix ya maharagwe haifai soya.

Ukitaka kujua kama mmea na bakteria wameitikiana, subiri maharagwe yakaribie kuchanua, chimbua shina moja taratibu bila kukata mizizi, kisha pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, hupati naitrojeni. Usimwage mbolea ya CAN au urea kwa wingi, kwa sababu mmea ulioshiba naitrojeni hupunguza vinundu. Na mbegu ulizopaka bakteria zipande siku hiyohiyo, wala usizianike: jua huwaua.