Manamba wa Buha: mkongeni, mahakamani, hadi Ikulu

Mkonge wa Tanga na Morogoro ulikatwa na watu waliotoka mbali, na Buha, nchi ya Waha, hasa Kasulu na Kibondo, ilitegemewa sana kwa vibarua wa mkataba, yaani manamba. Mkoloni alidai kodi kwa fedha taslimu. Huko Buha fedha ilikuwa adimu. Kibondo ilikuwa na mkosi wake wa ziada: miaka ya 1930 watu walihamishwa na kukusanywa katika makazi makubwa kwa sababu ya malale.

Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU. Mwandikishwaji alipanda treni Kigoma, lakini reli ya kati ilikuwa haijaungana na ya Tanga, hivyo aliyepangiwa huko alimalizia safari kwa lori. Shambani alipewa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, akijitahidi kukijaza ndani ya siku 42. Siku aliyougua, au ambayo mafungu ya majani hayakutimia, haikutiwa alama. Mshahara nao ulingoja kipande kijae.

Akichoka akaondoka? Sheria ya mabwana na watumishi ya 1923 ilifanya kutoroka kazini kuwa jinai. Mfanyabiashara aliyevunja mkataba alidaiwa fidia. Manamba aliyevunja wake aliweza kufungwa. Kwa maoni yangu, hapo ndipo siasa ya mkongeni ilipozaliwa, kabla hata chama cha wafanyakazi hakijaandikishwa.

Vyama vilipokuja, vilipata watu waliokwisha kuudhika. Mwaka 1958 wafanyakazi wa Mazinde, upande wa Korogwe, waligoma. Rashidi Kawawa, aliyekuwa katibu mkuu wa shirikisho la wafanyakazi, TFL, akawa Waziri Mkuu mwaka 1962. Muha wa mkataba hakufika huko kirahisi: muda wake ukiisha alirudi kwao, na uongozi wa chama hutaka mtu anayekaa.

Waliofika madarakani nao waliandika sheria zao. Mwaka 1962 Bunge lilibana haki ya kugoma. Mwanzoni mwa 1963 Victor Mkello, kiongozi wa wafanyakazi wa mashambani, alipelekwa Sumbawanga kwa amri ya serikali, na mwaka 1964 TFL ikavunjwa, NUTA ikaundwa kuwa chama pekee cha wafanyakazi.

Kima cha chini cha mshahara kilikuwa kimepandishwa, na wenye mashamba wakapunguza watu. Mwaka 1963 ndipo reli ya Ruvu hadi Mnyusi ilipounganisha njia zile mbili; sasa Muha angeweza kwenda Tanga kwa treni pekee, ila wa kumwandikisha hawakuwa wengi tena.