Tathmini ya Ngitili za Shinyanga

Ngitili, katika lugha ya Wasukuma, ni eneo la nyasi na miti linalofungwa mvua zinapoanza ili mifugo isiingie mpaka kiangazi kikolee. Kuanzia mwezi Julai hivi, malisho ya kwingine yakiwa yamekwisha, mwenye ngitili huifungua, mara nyingi kipande baada ya kipande. Ng'ombe, hasa maksai wa kukokota plau, ndama na wanaonyonyesha, huishi kwa akiba hiyo hadi mvua zirudi. Makala haya yanahusu tathmini ya kazi ya kufufua ngitili iliyofanywa na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, unaojulikana kwa kifupi kama HASHI, kuanzia 1986 hadi 2004. Takwimu zake zimenukuliwa duniani kote kama ushahidi kwamba mkulima mdogo anaweza kurudisha msitu na akafaidika nao. Zinastahili sifa hiyo. Lakini zimesomwa kwa haraka mno, na aliyeumia kwa haraka hiyo ni mwanakijiji ambaye hali yake haifanani na ya wastani.

Ardhi iliyochoka

Shinyanga ilikuwa nchi ya miombo na migunga, yenye mvua ya milimita 600 hadi 800 kwa mwaka na kiangazi kirefu. Tangu miaka ya 1920 vichaka na misitu vilifyekwa kwa amri ya serikali ya kikoloni ili kumwangamiza mbung'o. Pamba ikapata soko na mashamba yakapanuka. Ng'ombe wakaongezeka, kwa kuwa kwa Msukuma ng'ombe ndiye benki, ndiye mahari, na ndiye anayelima. Kuni na mkaa vikaendelea kutoka porini. Kisha ikaja operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970. Kaya zilizokuwa zimetawanyika, kila moja karibu na ngitili yake, zilihamishiwa kwenye makazi ya pamoja. Ngitili hulindwa kwa macho ya jirani. Wenyewe walipoondoka, nyingi zikalishwa ovyo, zikakatwa, zikalimwa. Rais Julius Nyerere alipoutembelea mkoa huo wa Shinyanga mwaka 1984 alishtushwa na hali aliyoiona, na Shinyanga ikawa inaitwa jangwa la Tanzania.

HASHI ilianza mwaka 1986 kwa fedha za serikali na za Norwei, na mwanzoni ilifuata njia ya miradi mingi ya wakati huo: vitalu, miche, na mikutano ya kuhimiza upandaji miti. Mabadiliko yalikuja maafisa walipowauliza wazee na kusikia neno ngitili. Chini ya ardhi ile iliyoonekana imekufa, visiki na mizizi ilikuwa hai, na ukizuia jembe, shoka na kwato kwa misimu michache, miti inachipua yenyewe bila kununuliwa mche hata mmoja. Baada ya hapo mradi uliegemea vyombo ambavyo watu walikuwa navyo tayari. Dagashida, baraza la jadi, lilipanga kanuni na faini. Sungusungu, walinzi wa jadi waliokuwa wamejijengea heshima kwa kupambana na wezi wa ng'ombe, walisimamia utekelezaji, na serikali za vijiji zikaziingiza kanuni hizo katika sheria ndogo. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, ICRAF, kilishirikiana na mradi katika utafiti. Mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Kwa mtathmini, historia hii ina maana ya moja kwa moja. Angehesabu miche iliyogawiwa, angehesabu sehemu ya kazi isiyokuwa kiini cha mafanikio.

Hekta

Takwimu inayorudiwa kuliko zote ni hii: mwaka 1986 palikuwa na takriban hekta 600 za ngitili zilizoandikwa, na kufikia 2004 palikuwa na kati ya hekta 300,000 na 500,000 katika vijiji 833. Neno la kuangaliwa hapo ni "zilizoandikwa". Hekta 600 ni zile zilizokuwa katika kumbukumbu, na watu wanaohifadhi malisho nyuma ya boma zao hawakuwa na desturi ya kwenda kuyaandikisha. Sehemu ya ongezeko hilo ni miti iliyorudi, na sehemu ni kalamu iliyofika. Ongezeko la kweli lilikuwa kubwa mno, hilo halina ubishi, lakini anayegawanya 500,000 kwa 600 na kutangaza jibu anafanya hesabu isiyo na msingi.

Tazama pia upana wa makadirio yenyewe. Tofauti kati ya hekta 300,000 na 500,000 ni kilomita za mraba 2,000, eneo linalozidi kisiwa kizima cha Unguja. Haikutokana na uzembe. Karibu nusu ya eneo hilo ni la watu binafsi na familia, vipande vidogo vilivyotapakaa kati ya mashamba, ambavyo ni vigumu kuvihesabu kwa miguu. Picha za setilaiti za Landsat zimekuwepo tangu miaka ya 1970, na tangu miaka ya 1980 zinaonyesha ardhi kwa vipande vya mita 30 kwa 30. Hata hivyo ngitili ya robo hekta huingia katika vipande vitatu tu vya picha, na ikipigwa picha mwezi Machi, wakati kila kitu ni kijani, haitofautiki na shamba la jirani. Picha ya Septemba husema zaidi. Mwezi huo mtu akitembea kijijini huona upande mmoja udongo mtupu na vumbi la kwato, na hatua mbili mbele nyasi za manjano zinazofika magotini, na migunga michanga iliyoshikana matawi. Hakuna seng'enge wala nguzo. Mpaka ni njia ya miguu na makubaliano.

Mipaka ya kiserikali nayo ina mtego wake. Shinyanga ya HASHI ilijumuisha Maswa, Meatu na Bariadi, ambazo tangu 2012 ziko Mkoa wa Simiyu, na Bukombe, iliyokwenda Geita. Anayelinganisha takwimu za mkoa za 2004 na za leo bila kurekebisha hilo atakuta msitu "umetoweka", kumbe umehamishwa kwenye daftari.

Kaya 240

Tathmini kubwa ya athari za kijamii, kiuchumi na kimazingira ilitolewa mwaka 2005 na Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ikiongozwa na Profesa G. C. Monela wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Ilihoji kaya 240 katika vijiji 12. Thamani ya vitu vinavyotoka katika ngitili, yaani kuni, nguzo, nyasi za kuezekea, malisho, asali, dawa, matunda pori, uyoga na maji, ilikadiriwa kuwa dola 14 kwa mtu kwa mwezi, karibu shilingi 15,000 za wakati huo. Matumizi ya wastani ya mwananchi wa kijijini Tanzania yalikuwa dola 8.50 kwa mwezi. Asilimia 64 ya kaya zilisema hali zao zimekuwa bora kwa sababu ya ngitili. Aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo zilihesabiwa katika maeneo yaliyofufuliwa, na aina 145 za ndege.

Kwa kaya ya watu saba, dola 14 kwa kila mtu kwa mwezi ni takriban dola 1,180 kwa mwaka. Mkulima wa wilaya ya Kishapu akisomewa namba hiyo atauliza fedha hizo ziko wapi, na ana haki ya kuuliza, kwa sababu nyingi hazikupita mkononi mwake. Ni thamani ya kuni ambazo hakuzinunua na ng'ombe ambaye hakufa. Wachumi huipata kwa kuchukua kiasi kilichotumika na kukizidisha kwa bei ya soko la karibu. Njia hiyo ni halali, mradi isemwe wazi kwamba haya si mapato ya fedha. Kuiweka thamani hiyo kando ya dola 8.50 za matumizi, kama machapisho mengi yanavyofanya, ni kulinganisha vitu viwili visivyopimwa kwa kipimo kimoja. Utafiti uleule ulikuwa mwaminifu pia kuhusu hasara: wanyamapori waliorudi pamoja na miti waliharibu mali inayokadiriwa kufikia dola 63 kwa kaya kwa mwaka. Namba hii ya pili hainukuliwi mara nyingi, na ingestahili kutembea pamoja na ya kwanza kila mahali.

Sehemu yenye uzito kuliko zote katika ripoti ile ni muda. Safari ya kuni ilipungua kwa saa mbili hadi sita, na ya maji kwa saa moja hadi mbili. Mwanamke anayetafuta kuni hapimi kwa saa. Atakwambia zamani alitoka alfajiri, akarudi jua la utosini, na mzigo wenyewe ulikuwa wa vijiti na mabua ya pamba. Sasa anakata matawi makavu nyuma ya boma na kurudi kabla uji haujapoa. Mtathmini mzuri huyachukua maneno hayo yalivyo, kisha huenda naye, hutembea njia ya zamani na ya sasa, hupima umbali na kuupima mzigo kwa mizani. Saa nne zilizookolewa kila safari ni palizi iliyofanyika kwa wakati na mtoto wa kike aliyekwenda shule. Shilingi 15,000 hazionyeshi hayo.

Wastani unaficha nini

Ngitili ni ardhi, na ardhi haigawanyiki sawa. Mwenye ng'ombe wengi na eneo kubwa ana ngitili yake, na huweza hata kuwakodisha wengine malisho. Asiye na ng'ombe wala eneo hutegemea ngitili ya kijiji, ya shule au ya kanisa, na kwake kufungwa kwa eneo kunaweza kumaanisha faini pale ambapo zamani aliokota kuni bure. Mjane anaweza kuwa mtunzaji wa ngitili kwa miaka kumi na akaipoteza siku moja ndugu wa mume wanapogawana urithi. Ndiyo maana mahojiano huanza kwa kuwaomba wanakijiji wenyewe wazipange kaya katika makundi ya hali ya maisha, kwa vigezo vyao: nani ana plau, nani hununua mahindi mwezi Januari, nani anaishi kwa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na vibarua. Kisha kila kundi huhojiwa na kuhesabiwa peke yake, na wanawake hukaa na mhoji wa kike bila mwenyekiti wa kitongoji kusimama mlangoni. Asilimia 64 waliosema wamefaidika ni habari njema. Asilimia 36 waliobaki ndio wanaopaswa kutembelewa mara ya pili.

Kuna pia suala la nini kingetokea bila mradi. Kanuni ni kutafuta vijiji vinavyofanana kwa udongo, mvua na umbali wa barabara, ambavyo mradi haukufika. Shinyanga hilo ni gumu, kwa sababu wazo lilisambaa kupita magari ya HASHI: watu waliona ngitili ya jirani wakafunga zao. Kwa mradi ni sifa, kwa mtakwimu ni kikwazo. Mvua nazo hudanganya, kwa kuwa mwaka mmoja mzuri hupandisha nyasi hata mahali pasipolindwa, hivyo kipimo kimoja hakitoshi. Na ng'ombe huhama. Wafugaji wa Kisukuma wamekuwa wakielekea kusini kwa miongo mingi, Usangu, Rukwa, hadi bonde la Kilombero. Tathmini inayohesabu miti iliyorudi Shinyanga haina budi kuuliza pia mifugo iliyopungukiwa na nafasi ilikwenda kula wapi.

Baada ya mradi

HASHI ilipofungwa mwaka 2004, kazi ya utafiti na ushauri ilibaki kwa kituo cha serikali cha NAFRAC mjini Shinyanga. Sera ya Taifa ya Misitu ya 1998, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zilikuwa zimefungua njia ya kijiji kuutambua na kuumiliki msitu wake kisheria, lakini ngitili nyingi za familia zimeendelea kulindwa kwa desturi pekee. Katika miaka ya 2010 shirika la TaTEDO, kwa fedha za Norwei, lilijaribu mpango wa malipo ya hewa ukaa inayohifadhiwa na miti katika ngitili za mkoa huo. Kupima hewa ukaa ni rahisi kuliko kupima maisha: mti hufungwa utepe kwenye usawa wa kifua cha mtu, mita 1.3 kutoka ardhini, na jedwali hutoa jibu. Ukishakuwa na namba inayouzika, ni rahisi kuyasahau mambo yasiyouzika. Wakati huohuo watu wameongezeka, urithi umekata ngitili vipande, na mahitaji ya mkaa mijini hayajapungua.

Tathmini ya 2005 ilitolewa mwaka mmoja tu baada ya mradi kufungwa, maafisa wakiwa bado wanakumbukwa kwa majina na faini zikiwa bado zinatozwa. Kazi inayodaiwa sasa ni kurudi katika vijiji vilevile 12, mwezi Septemba, na maswali yaleyale, kisha matokeo yasomwe kwanza kwa Kisukuma na Kiswahili mbele ya mkutano wa kijiji kabla hayajapelekwa kwa mfadhili yeyote.