Polisi Aliyekuwa Meya: Maisha ya Tom Bradley

Katika kila nchi raia huulizana swali moja juu ya polisi: je, hao ni walinzi wetu ama ni watesi wetu? Wengine hufikiri kwamba mtu akiisha kuvaa nguo ya upolisi hasikii tena kilio cha watu. Wengine husema kinyume chake: ukitaka polisi wafuate sheria, uwape mkubwa aliyetoka kati yao, kwa maana siri ya mtungi aijuaye kata. Leo tutatazama maisha ya mtu mmoja wa Marekani, Tom Bradley, aliyekuwa polisi miaka 21, kisha meya miaka 20, katika mji uleule wa Los Angeles. Maisha yake yanatupa jibu, walakini si jibu jepesi.

Utoto wake

Thomas Bradley alizaliwa tarehe 29 Desemba 1917 huko Calvert, katika jimbo la Texas. Wazee wa ukoo wake walikuwa watumwa. Wazazi wake walikuwa watu huru, lakini walilima pamba katika shamba lisilo lao na kugawana mavuno na mwenye shamba. Kilimo cha namna hii hakimtoi mtu katika ukata. Kwa hiyo mwaka 1924 walihamia Los Angeles, katika jimbo la California. Huko mama yake alifanya kazi ya utumishi katika nyumba za watu.

Kijana huyo alikuwa mrefu kupita wenzake, tena hodari wa mbio. Kwa sababu ya mbio zake alipata msaada wa kuingia chuo kikuu cha California mjini humo, mwaka 1937. Mwaka 1940, kabla ya kumaliza masomo, alifanya mtihani wa polisi akashinda, akaacha chuo akaingia kazini. Mwaka uliofuata alimwoa Ethel Arnold.

Miaka 21 ya upolisi

Siku zile polisi Mweusi wa Los Angeles alikuwa na kazi nusu. Alitumwa katika mitaa ya Weusi, au alisimamishwa njiani kuongoza magari. Hakupanda gari moja na mwenzake Mweupe. Alilinda maduka ya mji, lakini akiisha kuvua nguo ya kazi, maduka mengine yalikataa kumkopesha kitu, na hoteli nyingine zilikataa kumpa chakula. Bradley alipotaka kununua nyumba katika mtaa wa Leimert Park, uliokuwa wa Weupe, ilimpasa kumtumia mnunuzi Mweupe asimame mahali pake. Tufikiri jambo hilo: mtu anakabidhiwa bunduki kuulinda mji, na mji huohuo haumkubali kuwa jirani!

Bradley hakujibu kwa matusi. Alifanya kazi kati ya vijana wakosefu, akajuana na wazazi wao na wenye maduka. Usiku alisoma sheria, hata akapata shahada yake mwaka 1956. Akapandishwa mpaka cheo cha luteni, na Mweusi hakuwahi kupita hapo katika polisi ya mji ule. Akiwa luteni alijaribu kuwachanganya polisi Weusi na Weupe katika gari moja. Polisi wengi Weupe wakakataa, jambo likaanguka. Mwaka 1961 aliacha upolisi akawa mwanasheria.

Katika baraza la mji

Mwaka 1963 alichaguliwa kuingia katika baraza la mji, lenye watu 15. Mtaa uliomchagua haukuwa wa Weusi tu; walikuwamo Weupe na watu wa asili ya Asia. Hapo Bradley alijifunza siri ya siasa yake yote: mtu wa kabila dogo hawezi kuongoza mji mkubwa kama hakuaminiwa na makabila mengine.

Mwezi wa Agosti 1965 mtaa wa Watts uliwaka moto. Polisi wa barabara walimkamata kijana mmoja Mweusi, ugomvi ukazuka, fujo ikadumu siku 6, watu 34 wakafa. Bradley alisema waziwazi kwamba fujo ni mbaya, lakini namna polisi walivyowatendea Weusi ilikuwa sehemu ya chanzo chake. Mkuu wa polisi, William Parker, hakupenda maneno hayo. Hata hivyo hakuna aliyeweza kumwambia Bradley kwamba haijui kazi ya polisi.

Meya wa mji

Mwaka 1969 Bradley aligombea umeya. Katika kura ya kwanza aliongoza. Ndipo meya Sam Yorty alipowatia watu hofu, akisema kwamba Bradley ni rafiki wa wenye fujo na kwamba polisi watakimbia kazi. Wengi waliamini maneno hayo juu ya mtu aliyekuwa polisi miaka 21! Bradley akashindwa. Mwaka 1973 alirudi akamshinda Yorty yuleyule. Wakati huo Weusi hawakufika mtu 1 katika kila watu 5 wa mji. Basi ni kura za makabila mengine pia zilizompandisha. Akachaguliwa mara 5.

Alifungua milango ya kazi za mji kwa Weusi, wanawake, na watu wa asili ya Mexico na Asia. Mwaka 1984 mji ulipokea michezo ya Olimpiki, nayo ikaleta faida ya dola zaidi ya milioni 200. Mara mbili, mwaka 1982 na 1986, aligombea ugavana wa California akashindwa. Mara ya kwanza kwa kura zisizofika 100,000. Tusifiche upande wa pili. Majengo marefu yalisimama katikati ya mji, lakini upande wa kusini viwanda vilifungwa na umaskini ulibaki. Tena mwaka 1989 ilijulikana kwamba alipokea malipo ya ushauri kutoka benki iliyokuwa na shughuli na mji. Sifa yake ikachafuka.

Moto wa mwaka 1992

Lakini shida yake kubwa ilitoka katika nyumba yake ya zamani, yaani polisi. Kwa sheria ya mji, meya hakuweza kumfukuza mkuu wa polisi. Tarehe 3 Machi 1991 polisi walimpiga vibaya Rodney King, na mtu mmoja akaipiga picha za sinema. Bradley alimwomba mkuu wa polisi, Daryl Gates, ajiuzulu, Gates akakataa. Wakubwa hao wawili wakakaa zaidi ya mwaka mzima bila kusemezana. Tarehe 29 Aprili 1992 baraza la mahakama liliwaachilia polisi wale. Mji ukawaka, watu zaidi ya 50 wakafa, mali ya dola karibu milioni 1,000 ikapotea. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi.

Mwezi wa Juni mwaka huohuo raia walipiga kura kuibadili sheria: mkuu wa polisi apewe miaka 5, na akiongezewa iwe mara moja tu. Jambo ambalo luteni hakuliweza, wala meya peke yake, liliwezekana kwa kura ya raia. Bradley aliacha kazi mwaka 1993. Ugonjwa ukamnyima uwezo wa kusema vizuri, akafa tarehe 29 Septemba 1998.

Tunajifunza nini?

Je, polisi mwema akiwa mkubwa, polisi wote watakuwa wema? Hapana. Mtu mwema ni mwanzo. Lakini bila sheria inayompasa kila mwenye silaha kutoa hesabu mbele ya raia, wema wa mmoja hautoshi. Tena sheria haijitungi yenyewe. Ilihitaji mtu mvumilivu, aliyekataliwa nyumba asichukie mji, aliyeshindwa asiache, aliyejua kosa la nduguze wa kazi na kulitaja. Tukiwa na watu wa namna hiyo katika miji yetu, tuwasaidie mapema, tusingoje moto.