Zebaki, kutoka Minamata hadi Rwamagasa

Wilaya ya Kishapu ni nchi ya almasi: kwa wachimbaji wadogo wa Maganzo, maji na chekeche hutosha. Dhahabu ya Geita haitoki hivyo. Mawe husagwa, unga huoshwa mwaloni, kisha mchanga mzito huchanganywa na zebaki kwenye karai, kwa mikono mitupu. Mchanganyiko hukamuliwa kwa kitambaa hadi libaki tonge la rangi ya fedha, nalo huchomwa kwenye makaa, pengine jikoni kabisa, zebaki ipae na dhahabu ibaki.

Sumu ya zebaki ilifahamika mapema. Mwaka 1956, huko Minamata, Japani, ulitambuliwa rasmi ugonjwa uliowatetemesha na kuwapoozesha walaji wa samaki. Ghuba yao ilipokea maji taka ya kiwanda cha Chisso, yenye zebaki. Mwaka 1959 daktari wa kiwanda hicho, Hosokawa Hajime, alichanganya maji taka hayo na chakula cha paka, na paka akaugua vilevile. Kampuni ilificha matokeo. Serikali ilikiri chanzo mwaka 1968, na katika miaka hiyo tisa maji taka yaliendelea kumwagwa.

Harada Masazumi, daktari aliyewatetea wagonjwa wa Minamata, alishiriki miaka ya 1990 kupima zebaki katika nywele za wachimbaji na wavuvi wa kando ya Ziwa Victoria. Baadaye mradi wa Umoja wa Mataifa ulifika Rwamagasa, Geita, kufundisha matumizi ya vyungu vya kunasia mvuke.

Mashirika ya kiraia, likiwemo AGENDA la Tanzania, yalidai mkataba wa dunia wa kudhibiti zebaki. Ulipitishwa Oktoba 2013 huko Kumamoto, ukiitwa kwa jina la Minamata. Shirikisho la madaktari wa meno duniani lilitaka zebaki ya kuzibia meno ipunguzwe polepole badala ya kupigwa marufuku, na ndivyo ilivyoandikwa. Migodi mipya ya zebaki ilikatazwa. Iliyokuwepo ikapewa miaka 15. Lakini wachimbaji wadogo wa dhahabu hawakuwekewa tarehe ya mwisho, na kuwauzia zebaki kukabaki halali. Hapo mkataba ulilegea: mwenye kuuza alipata nafasi, mwenye karai akaachiwa madhara.

Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Nchi ambayo uchimbaji wake mdogo wa dhahabu si haba hutakiwa na mkataba huo kuandaa mpango wa taifa wenye hatua za kukomesha, pamoja na mengine, uchomaji wa tonge kwenye makazi ya watu.