Mgao wa Umeme na Ukarabati wa Diski katika Pwani ya Kilifi

Ukame uliopunguza maji katika mabwawa ya Mto Tana uliiingiza Kenya katika mgao mkali wa umeme mwaka 2000, na ukanda wa Kilifi, kutoka Mtwapa na Kikambala hadi Malindi, ulitegemea gridi hiyohiyo ya taifa. Kwa kompyuta, hasara haikuishia kwenye skrini kuzimika, kwa sababu mfumo wa faili, yaani utaratibu unaoonyesha kila faili imehifadhiwa wapi kwenye diski, huandikwa kwa hatua kadhaa, na umeme ukikatika katikati ya hatua hizo orodha ya faili huacha kulingana na vilivyomo kwenye diski.

Katika mfumo endeshi wa Unix, na baadaye Linux, tiba ya hitilafu hiyo ilikuwa amri ya fsck, iliyoandikwa na Ted Kowalski wa Bell Labs mwishoni mwa miaka ya 1970. Kabla yake msimamizi alitafuta kasoro kwa programu za icheck na dcheck, kisha akazirekebisha kwa mkono. Amri hiyo ililinganisha diski nzima na orodha zake na kuyakusanya mafaili yaliyokosa saraka, lakini diski zilipokua ukaguzi nao ulirefuka mno. Mfumo wa ext3, ulioingia rasmi katika Linux mwaka 2001, uliandika mabadiliko kwanza katika daftari maalumu, hivyo umeme uliporejea kompyuta ilisoma daftari hilo tu, nafuu iliyowafaa zaidi watumiaji wa sehemu zenye umeme usiotabirika.