Binti wa Toro na Uongo wa Orly

Mwaka 1965 Elizabeth Bagaaya wa Toro, magharibi mwa Uganda, alipokelewa rasmi kuwa mmoja wa mawakili wa Uingereza, wale wanaovaa joho jeusi na wigi jeupe la singa za farasi. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufika hapo. Baba yake alikuwa Omukama, yaani mfalme, Rukidi wa Tatu. Alisoma shule ya Gayaza nchini mwake, kisha shule ya Sherborne kule Uingereza, kisha Chuo Kikuu cha Cambridge. Msichana aliyelelewa hivyo, watu huwa wamekwisha kumpangia maisha: ndoa ya heshima, ofisi ya heshima. Miaka minne baadaye sura yake ilikuwa kwenye jalada la Harper's Bazaar, jarida la mitindo la Marekani.

Wapenda udaku huisimulia habari hii kwa kifupi: binti wa ikulu kaacha sheria, kafuata mapambo. Wanauruka mwaka 1967.

Baba alikuwa amefariki mwishoni mwa 1965. Kaka yake, Patrick Olimi, akarithi kiti, naye Elizabeth akatawazwa Batebe, dada rasmi wa mfalme, cheo ambacho kwa Watoro kina usemi wake ikulu. Hawakukaa sana. Mwaka 1967 serikali ya Milton Obote ilizifuta falme zote za Uganda, na kiti cha kaka kikaondoka pamoja na cheo cha dada. Jamaa wa kifalme wakawa watu wa kuchungwa. Katika hali hiyo ndipo ulipokuja mwaliko wa Princess Margaret wa Uingereza: aende London kuonyesha mavazi katika onyesho la Jumuiya ya Madola. Akaenda, na jukwaa lile likamfungulia kazi mpya. Akapigwa picha London, akahamia New York, akaigiza filamu Nigeria. Uanamitindo ulimpa kipato na uhuru wakati nchi yake ilikuwa imemnyima nafasi, na sioni aibu yoyote ya kutafuta hapo.

Idi Amin aliponyakua madaraka mwaka 1971, alimwita nyumbani na kumfanya balozi wa kuzunguka mataifa. Februari 1974 akampa Wizara ya Mambo ya Nje. Mwaka huohuo Elizabeth alisimama mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa akiisemea Uganda. Novemba akafukuzwa, na sababu aliyoitangaza Amin ni kwamba waziri wake alikutwa na Mzungu chooni, katika uwanja wa ndege wa Orly, Paris.

Tazama uongo huo ulivyosukwa. Una nchi, una kiwanja, una hata chumba. Uongo ukipewa mahali, msikilizaji hujiona kama alikuwapo. Tena ulimlenga mwanamke ambaye dunia ilikuwa imezoea kumtazama katika picha, na naamini Amin alilijua hilo vizuri. Angeweza kusema waziri ameshindwa kazi, watu wangedai maelezo. Alisema choo, na hakuna aliyeuliza tena habari za kazi.

Magazeti ya Ulaya yaliinyakua habari hiyo na kuichapa. Wahenga walisema lisemwalo lipo, lakini la Orly halikuwapo. Elizabeth, aliyekuwa amezuiliwa nyumbani, alitoroka mwanzoni mwa 1975 akaingia Kenya, na baadaye akafika Uingereza. Huko ule uwakili ambao watu walidhani ameutupa ulikuwa bado kichwani mwake. Aliyashtaki magazeti kwa kumkashifu, akashinda.

Kazi hazikuisha. Mwaka 1984 alionekana katika filamu ya Sheena, iliyopigwa Kenya. Mwaka 1986 serikali ya Rais Museveni ilimtuma Washington kuwa balozi, na mwaka huohuo mumewe, Wilbur Nyabongo, aliyekuwa rubani, alifariki katika ajali ya ndege nchini Morocco. Baadaye aliiwakilisha Uganda Ujerumani pia.

Falme zilirudishwa mwaka 1993, na Patrick akakaa tena kwenye kiti alichonyang'anywa ujanani. Alifariki miaka miwili tu baadaye. Mrithi, mwanawe Oyo, alikuwa na umri wa miaka mitatu. Mtoto wa umri huo hawezi kukaa kimya sherehe nzima, seuze kutawala, kwa hiyo kiti kilihitaji watu wazima wa kukilinda. Miongoni mwao alikuwa shangazi yake, Batebe Elizabeth.