Tegla Loroupe: Binti aliyekatazwa kukimbia

KATIKA boma la baba mwenye wake wanne na watoto 25, neno la binti halisikizwi upesi. Humo ndimo alimolelewa Tegla Chepkite Loroupe, aliyezaliwa Mei 9, 1973 katika nyanda za juu za Pokot Magharibi, kaskazini-magharibi mwa Kenya.

Utotoni alichunga mifugo, akalima na kuwalea wadogo zake. Alipotimiza miaka saba alianza shule, iliyokuwa umbali wa kilomita 10 kutoka nyumbani, naye akawa akikimbia pekupeku kwenda na kurudi. Babake hakuona faida ya kumsomesha msichana, na mbio aliziona kuwa jambo lisilomfaa mwanamke. Mamake pekee ndiye aliyesimama upande wake. Zama hizo, ambapo msichana aliozwa mapema na mahari kulipwa kwa ng'ombe, kumkaidi baba halikuwa jambo dogo.

Nje ya boma nako mlango haukuwa wazi. Viongozi wa riadha walimdharau kwa udogo wa umbo lake, hadi aliposhinda mbio za nyika mwaka 1988 bila viatu. Jozi yake ya kwanza ya viatu aliipata mwaka uliofuata, na hata hivyo aliihifadhi kwa njia zenye mawe tu.

Novemba 1994 akawa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushinda marathoni ya New York. Mwaka 1995 alirudi huko akiwa na msiba wa dada yake, akashinda tena. Aprili 19, 1998, mjini Rotterdam, alivunja rekodi ya dunia kwa muda wa saa 2, dakika 20 na sekunde 47, kisha akaipunguza kwa sekunde nne mjini Berlin mwaka 1999.

Hata hivyo, aliyetaka kumjua vyema angemtazama Sydney mwaka 2000, mahali ambapo hakupata medali yoyote. Usiku wa kuamkia marathoni ya Olimpiki alidhurika kwa chakula. Alikimbia vivyo hivyo na kumaliza wa 13, na siku chache baadaye akawa wa tano katika mita 10,000.

Mwaka 2003 alianzisha wakfu wa amani wenye jina lake, akaandaa mbio zilizowakutanisha Wapokot, Waturkana, Wakaramojong na jirani zao waliozoea kuuana kwa sababu ya mifugo. Wengi wa wapiganaji hao walikuwa vijana wasiokuwa na shule wala kazi.

Mwaka 2016 aliiongoza timu ya kwanza ya wakimbizi katika Michezo ya Olimpiki, Rio de Janeiro. Miongoni mwa wanamichezo wake 10, watano walikuwa vijana wa Sudan Kusini kutoka kambi ya Kakuma, waliofanyia mazoezi Ngong chini ya uangalizi wake.